Mgongo wa Mama Kulwa

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ana kipande chake cha habari. Mmoja kasikia nilipotelea machimboni, mwingine kasikia nilikwenda kumfumania mwanamume. Hamisi, kiongozi wa bendi yetu, yeye anasema nilichanganyikiwa. Basi nawaandikia wote kwa pamoja, mkishasoma mniache nipumue.

Wimbo mnaujua. "Geuka Mama" nimewaimbia kwenye harusi zenu na kwenye misiba yenu. Unamhusu mwanamke aliyesimama kwenye mdomo wa duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, lililotitia mumewe akiwa ndani. Watu wanamsihi ageuke arudi nyumbani. Hageuki. Nikifika pale pasemapo *mume uliyemngoja amelala chini*, hata wapishi huacha masufuria wakaja kusimama mlangoni. Nimeupenda wimbo ule kuliko nyimbo zangu zote mwenyewe. Kwa hiyo Hamisi alipopata nafasi ya kwenda kurekodi Mwanza, akasema utatangulia huo na mwimbaji ni mimi, ila kwanza niende kumwomba ruhusa aliyeutunga. Mtunzi ni Mzee Maganga, ambaye aliacha muziki zamani na sasa analima Didia. Nilimwambia Salma, binti yangu, apike mapema, chakula cha jioni tutakula wote.

Kutoka Shinyanga mpaka Didia

Didia si mbali na mtu hawezi kuiita safari. Lakini mnanijua, mimi siwezi kukaa. Basi lilikawia kuondoka kwa sababu kondakta alikuwa akingoja abiria ambaye ameacha mzigo na hajulikani alipo. Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena, mpaka mama mmoja akaniuliza kama tumbo linanisumbua.

Mzee Maganga nilimkuta uani kwake, amelala chali chini ya mkokoteni wa ng'ombe, anakaza gurudumu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kutoka kule kule chini. Nilipojitambulisha, akaniuliza kama mimi ndiye ninayeuimba wimbo wake kama ninayelia. Nikasema ndiye. Akasema yeye hakuutunga uwe wa kulia, lakini watu wakishachukua wimbo huwezi kuwafuata nyuma. Ruhusa akanipa bila maneno mengi. Ningeweza kuaga nikarudi.

Nilikosea nikauliza. Nilitaka kujua ni nani wake aliyefukiwa, maana miaka yote niliamini mtu hawezi kutunga vile bila kufiwa. Akatoka chini ya mkokoteni, akafuta grisi kwenye suruali.

"Sikufiwa na mtu," akasema. "Machimboni kwenyewe sijawahi kufika. Niliona picha."

Alinunua vitumbua, akafungiwa kwenye gazeti, akala vitumbua huku akitazama picha. Alipoanza kunieleza ilivyo, nilihisi kama mtu kanimwagia maji. Picha hiyo naijua! Na ninyi mnaijua. Ni ile ya mwanamke mwenye kanga ya njano aliyewapa watu mgongo, na mbele yake kuna miti ya kuzuia udongo imevunjika kama njiti. Ilitoka magazetini, ikatoka kwenye kalenda, na mpaka leo kila duara likititia watu hutumiana kwenye simu. Shangazi yangu alikuwa na kalenda hiyo sebuleni. Nimekaa chini yake nikijifunza wimbo ule, na sikujua kwamba mwanamke ni yule yule.

Nikamuuliza jina la mjane huyo. Mzee akasema hajui, gazeti liliandika "mjane" basi, naye akaandika mjane. Alichosikia kwa madereva ni kwamba Ushirombo kuna mgahawa umeitundika picha hiyo, kubwa, ndani ya fremu.

Nikarudi barabarani. Nilisimama pale nikijiambia kwamba likija basi la Shinyanga kwanza nitapanda hilo. Likaja la Kahama.

Kutoka Didia mpaka Ushirombo

Salma alipopokea simu alifikiri natania. Hamisi hakufikiri natania, alikasirika. Alisema kama sijarudi kabla ya siku ya kwenda Mwanza, wimbo atampa mwimbaji mwingine, na jina la huyo mwingine akalitaja, mnalijua, sitaliandika. Nikasema sawa, kesho nimerudi. Moyoni sikuwa na uhakika hata kidogo.

Kahama nilibadili gari. Tulipofika Masumbwe, tairi likapasuka, na la akiba nalo halikuwa na upepo. Dereva akapakiwa kwenye pikipiki na tairi mgongoni, sisi tukabaki kando ya barabara. Kila gari likipita nilinyanyuka. Abiria mwenzangu, mama mmoja Msukuma aliyekuwa na mfuko wa michembe, akanivuta kanga.

"Mayu, kaa," akaniambia, yaani mama. "Hata ukisimama, tairi haliji."

Akanipa michembe na karanga. Viazi vile vikavu ukivitafuna polepole vinaanza kuwa vitamu, na kwa sababu nilikuwa sijala tangu asubuhi nilivimaliza karibu vyote. Kisha, kwa upole kabisa, akaniuliza mume wangu ameondoka lini. Nikamwambia simfuati mume, natafuta picha. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayemvumilia mgonjwa. Akaniambia wanawake wengi hupita njia hii na picha, wanawaonyesha watu na kuwauliza kama wamemwona huyu, na hakuna aibu. Akanishauri nikimkuta ameoa mwingine nisipige kelele mlangoni. Niombe maji, nikae, nile kama kuna chakula, halafu ndiyo niseme. Nilijaribu kumweleza habari ya wimbo na gazeti la vitumbua, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunihurumia. Mwisho nikamwambia wabeja, asante, ushauri nimeupokea.

Ushirombo tulifika kiza kimeingia. Nilichukua chumba cha kulala wageni karibu na stendi, nikalala nusu nusu. Kengele ya misheni ilipolia alfajiri nilikuwa nimeshaoga.

Ushirombo

Mgahawa niliupata kwa kuuliza mara moja tu. Mwenyewe anaitwa Mama Getruda, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, na alikuwa akikaanga chapati. Picha iko juu ya friji ya soda, moshi umeichubua pembeni.

Jamani, kwenye simu mnaona kidogo tu. Ikiwa kubwa ni kitu kingine. Mwanamke kasimama katikati, kisigino kimoja kimeinuka kidogo kama anayetaka kupiga hatua na asipige. Kulia kuna watu wengi, wamekaa chini na wengine wamesimama, na wote wanamtazama mpiga picha. Mmoja amejaa vumbi jeupe mwili mzima, kajifunika blanketi, huwezi kujua ni kijana au mzee. Yeye peke yake hamtazami mpiga picha. Anautazama ule mgongo.

Chai yangu ilipoa. Nilipiga picha kwa simu yangu, nikapiga tena, karibu zaidi. Mama Getruda akaniuliza kama mume wangu ni mmoja wa wale waliokaa. Nikasema hapana, namtaka mwanamke. Akasema huyo yuko machimboni anauza chakula, na wageni wanaokuja kuulizia picha hupelekwa kwake kila siku. Akamwita bodaboda anayemwamini, akamwagiza anifikishe mpaka mlangoni pa banda.

Machimboni

Barabara iliishia kwenye vumbi, na vumbi likaishia kwenye kelele. Karasha zinasaga mawe tangu asubuhi mpaka jioni, na watu wanaongea kwa kupaza sauti hata wakiwa wamekaribiana. Vijana wanatoka kwenye maduara wakiwa na rangi moja, nguo na ngozi. Nilikodolewa macho na kila mtu. Watatu waliniuliza namtafuta nani na kabla sijajibu wakaniambia hayupo, amehama.

Mama wa bandani alijiita Mama Shida. Nilipomwonyesha simu hakuitazama sana. Alifuta mikono, akaingia nyuma ya pazia, akatoka na kanga ya njano mabegani, akanigeuzia mgongo.

"Piga," akasema.

Nikapiga, kwa sababu sikujua la kufanya. Nilimwambia pole kwa mumewe, nikamwambia mimi ndiye ninayeuimba ule wimbo, na machozi yakanitoka hapo hapo mbele ya wateja wanaokula ugali. Aligeuka akanitazama. Nadhani alikuwa amewazoea wanaokuja na kamera na maswali, hakuwa amezoea mtu wa kulia. Akaivua ile kanga akaikunja. Akanikalisha kwenye benchi, akanipakulia ugali wa muhogo na sato, akaniambia nile kwanza.

Nilipokwisha kunawa akaniambia kwamba si yeye. Mgeni wa kwanza alikosea tu, akamwita mjane wa picha na akanunua chakula cha watu wengi. Wa pili akaja ameelekezwa na wa kwanza. Mgongo ni mgongo, nani angebisha? Mwenye picha anaitwa Theresia, Mama Kulwa, na siku ile ya picha wao wawili walikuwa wakipika pamoja. Baada ya pale Theresia hakukanyaga tena machimboni. Analima kijijini, ng'ambo ya misheni.

"Ukimwona msalimie," akasema. "Ila usimwimbie."

Simu ilikuwa inaita mfukoni. Alikuwa Hamisi. Sikupokea.

Kwa Mama Kulwa

Bodaboda alinishusha kwenye nyumba ya bati yenye muhogo umeanikwa mbele. Mwanamume mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo mingine. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaniuliza habari za nitokako, na kila nilipotaka kuingia kwenye jambo langu akauliza habari nyingine, za mvua, za barabara. Mimi magoti yanacheza. Mwishowe nikasema nimetoka Shinyanga kumwona mama wa hapa, yule mjane wa kwenye picha.

Akaendelea kumenya. "Mjane amekwenda kisimani," akasema. "Atarudi sasa hivi."

Nikamuuliza kama yeye ni ndugu yake. Akasema ni mumewe. Nikasema aa, kumbe aliolewa tena, Mungu ni mwema. Akaweka kisu chini, na nikaona kwamba anajizuia kucheka.

"Hakuolewa tena. Ndoa ni ile ile. Mimi ndiye niliyelala chini."

Huyo alikuwa Baba Kulwa. Watu wangapi nimewaliza kwa kifo cha mtu huyu, na yeye ananimenyea muhogo. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza, akasema nisijisumbue. Akaomba simu yangu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akanirudishia. Ilikuwa imesimama kwa yule mwenye vumbi na blanketi.

Akanieleza bila haraka. Siku ile walikuwa wawili shimoni, yeye na shemeji yake Deo, mdogo wake Theresia. Wazazi wao walikufa Deo akiwa mdogo, na Theresia ndiye aliyemlea. Alikuwa kijana wa kuimba imba, mchekeshaji, na Theresia mwenyewe ndiye aliyemwomba mumewe ampe kazi. Matimba, yaani ile miti inayozuia udongo, yalivunjika. Yeye alikuwa juu kidogo, wakamfikia, wakamvuta. Deo alikuwa chini. Walichimba mpaka udongo ukaanza kuwafukia wachimbaji wengine, wakazuiwa, shimo likafungwa hivyo hivyo. Deo yumo mpaka leo.

"Mwandishi aliona mwanamke kasimama," akasema. "Akaandika mjane. Hakuuliza."

Theresia akafika na ndoo kichwani. Ni mwembamba, mrefu kuliko nilivyodhani. Nilipomwambia mimi ni nani, alitua ndoo, akanisalimu vizuri, akaingia ndani asitoke kwa muda. Nikajua nimekosea kuja. Nilisimama nikitafuta bodaboda kwa macho, lakini alikuwa ameshaondoka. Akatoka na maji ya kunywa, akakaa mkekani, akaniambia kwamba hauchukii wimbo, ila kila akiusikia watu wanamtazama mumewe kama mzuka. Sokoni kuna watoto waliwahi kumkimbia.

Baba Kulwa bado alikuwa akimenya. Akasema, si kwangu, akiwa ameinamia muhogo, kwamba yeye watoto hawamsumbui. Kinachomsumbua ni kwamba alitoka shimoni akiwa hai, akakaa pale na blanketi, akamwita mkewe, na mkewe akampa mgongo.

Theresia akamgeukia. "Uliniita?"

"Nilikuita."

"Sikusikia. Mashine ya maji ilikuwa inanguruma sikioni."

Mimi nilitaka nisiwepo. Nilitazama kuku, nikatazama bati.

"Nilifikiri ulisikia," akasema mumewe. "Nikafikiri ulitaka atoke yeye."

Kumbe miaka yote hiyo, na mapacha wao wamekwisha kuolewa, hawakuwahi kulisema jambo hilo. Theresia alivuta mfuko wa mihogo, akachukua mmoja, akaushika tu.

"Walinijia wakaniambia ametoka mmoja," akasema. "Hawakusema nani. Nikajua nikigeuka nitaona. Sikutaka kuona ni yupi, Baba Kulwa. Nilitaka niwe nao wote wawili kidogo."

Baba Kulwa aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, na alikaa huko mpaka nikaanza kuhangaika kama nimfuate. Theresia akanizuia kwa mkono. Aliporudi alikuwa na jogoo. Akamwita jirani yake Mwislamu aje achinje ili nami nile, na alimwita kwa sauti ya kawaida kabisa.

Tulikula jua likiwa bado lipo, wali na kuku na mlenda. Theresia akaniuliza mambo ya Salma, ya bendi, jinsi nilivyopotea mpaka kwa Mama Shida. Niliposimulia mgongo wa Mama Shida alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha, vyombo vikiwa bado mbele yetu, akaniambia niimbe.

Nikakumbuka nilivyoonywa, nikakataa. Akasema hajawahi kuusikia mpaka mwisho, siku zote huuzima. Basi nikaimba, pale mkekani, bila gitaa. Nilipokaribia pale pa mume aliyelala chini nikasita, na Baba Kulwa akaniashiria kwa kichwa niendelee. Theresia alisikiliza akiwa amemwegemea mumewe begani. Wimbo ulipokwisha akasema, "Deo angeupenda," akakusanya vyombo.

Kurudi

Asubuhi Baba Kulwa alinipakia kwenye baiskeli yake mpaka barabara kubwa. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Tulipokuwa tukingoja gari nikamwambia nitaubadilisha wimbo. Nitaondoa mume, nitaweka kaka, nitamwambia Mzee Maganga, na kule Mwanza nitawaambia wote ukweli ulivyo. Nilikuwa nimefurahi, nilidhani nampa zawadi.

Alifikiri kidogo, akakataa.

"Ukiweka kaka, watu watasikiliza wataondoka," akasema. "Mume ndiye anayewaliza. Waache wanizike mimi. Kaburi la Deo ni hilo tu, hana lingine."

Gari likaja. Nikamshika mkono, nikapanda. Safari hii tairi halikupasuka na hakuna aliyeniuliza mume, na bado sikuweza kutulia kwenye kiti. Nilihama dirisha mara kwa mara mpaka Kahama, na mpaka Tinde, na mpaka stendi yetu.

Hamisi alikuwa bado hajampa mtu wimbo, makelele yake mnayajua. Tulikwenda Mwanza. Niliimba kama ulivyo, mume na mjane na yote, mara moja tu. Kwenye ubeti wa pili sauti inakatika, mtaisikia. Fundi alitaka turudie, Hamisi naye akataka turudie. Niliwaambia mimi nimemaliza, nikatoka nje kusimama juani.